Arki ya Siagi

Kakola, 3 Februari 2025

Dada Sesilia,

Mwangaluka! Shikamoo yako hii hapa, na ya shemeji mpelekee mnadani kwenye ng'ombe wake. Paskazia hajambo? Mwambie mjomba wake sasa ni mtu mkubwa. Mimi ni mzima mpaka uzima wenyewe unanionea wivu.

Dada, una mdogo mwenye bahati. Mwezi uliopita kuna kampuni ya kuchoronga miamba ilikuja kupima vifua watu arobaini wanaotaka kazi. Arobaini! Daktari alipoona picha yangu akaita wenzake waje watazame. Akasema, "Bwana Jilala, miaka tisa shimoni, vumbi lote hilo, halafu mapafu kama ya mtoto aliyezaliwa asubuhi hii?" Nikamjibu, huo ni uji wa mtama wa marehemu mama. Wakacheka mpaka wakasahau kumwita anayefuata. Wengine waliambulia karatasi za kurudi kliniki. Mimi nyota yangu iko kifuani.

Sasa mwenye kifua hiki ashuke tena duarani, kwenye shimo la dhahabu, kutafuta nini? Nimefungua kibanda hapa jirani na kijiwe cha bodaboda, nauza sigara za umeme. Ninyi wa Mhunze hamjaziona nyingi. Ziko kama kalamu, unavuta, zinatoa moshi wa harufu tamu, majivu hakuna. Nilipokwenda Lubumbashi matajiri walikuwa wanavuta hizo hizo. Maji yake, ambayo wateja wanayaita juisi, naletewa kutoka Kahama yakiwa hayana ladha. Ladha naweka mwenyewe. Darasa la saba tu, na nachanganya kama profesa.

Hapo ndipo nakuhitaji. Nitumie arki unazotilia keki: vanila, ndizi, na ile ya njano ya siagi inayoutangazia mtaa mzima kwamba umewasha oveni. Usianze woga. Watu wamekula keki zako harusi ngapi, na nani amezikwa? Kinacholiwa kinavutika. Halafu kila mchanganyiko nauonja mimi kwanza, napiga pafu kumi, kwa kifua kilichopimwa.

Mpe kondakta wa basi la Kahama mzigo pamoja na barua. Kwenye simu unanikatisha kabla sijamaliza kujisifu.

Mdogo wako,
Jilala


Mhunze, 12 Februari 2025

Jilala mdogo wangu,

Marahaba. Tuko wazima, ila mvua imechungulia ikarudi, na pamba imesimama pale pale. Shemeji yako amesoma barua akasema ungegombea udiwani.

Arki hizo hapo, chupa tatu. Nimetuma kwa sababu umeomba, si kwa sababu nimeelewa. Chupa imeandikwa matone kwa kilo ya unga. Kuvuta hakukuandikwa. Mwaka juzi ile ya siagi ilinimwagikia kwenye trei ya moto. Moshi wake ulinitoa jikoni nakohoa mpaka machozi, nikakaa uani keki ikaungua. Na harufu ilikuwa nzuri vile vile. Nimelikumbuka hilo wakati nafunga mzigo, na bado nikafunga.

Jumapili kwenye simu ulikuwa unakohoa. Ni nini?

Dada yako,
Mama Paskazia


Kakola, 9 Machi 2025

Dada yangu mwenye mikono ya baraka,

Shikamoo. Habari za hapo, habari za oveni? Hapa ni vurugu, vurugu nzuri. Vanila wameipokea kwa heshima. Ndizi wameichukua vijana. Lakini ya siagi, dada! Nimeipa jina: Keki ya Harusi. Watu wanatoka mpaka upande wa Bulyanhulu wanauliza, "Jilala, harusi ipo?" Ignas, yule tuliyechimba naye, aliyebeba msalaba siku tunamzika mama, ameacha kabisa sigara za kawaida. Anavuta yangu asubuhi, anashuka nayo duarani, anapanda nayo.

Mwanzoni walisema harufu ni hafifu. Nikaongeza matone mara mbili, kisha mara tatu. Wapo wanaokohoa, lakini mchimbaji asiyekohoa umemuona wapi? Wakileta maneno nasimama mbele ya kibanda, najigonga kifua, nawaambia: hiki kimepimwa na daktari, kikaonekana safi kuliko vyote, na kinavuta Keki ya Harusi kila siku ya Mungu. Mtu anaingiza mkono mfukoni, ananunua.

Kikohozi changu ulichosikia ni cha pilipili ya mama lishe. Nitumie ya siagi chupa sita.

Mdogo wako,
Jilala


Mhunze, 17 Machi 2025

Bebe! Wewe Jilala,

Salamu utazipata chini. Chupa sita sikutumii, wala moja.

Nelly, yule tabibu wa zahanati, alikuja kuchukua keki ya mwanawe. Nikamuuliza kama kwa utani: arki hii mtu akiivuta? Hakucheka. Alivuta kiti akakaa. Akasema, "Mama Paskazia, ukila, tumbo linasaga, ini linachuja. Mapafu yanasaga kwa kitu gani? Hayana meno." Akaniambia kwenye baadhi ya arki za siagi kuna kitu kinacholiwa bila shida, ila wafanyakazi wa viwandani waliokivuta siku nyingi kiliwaharibu vijia vidogo vya hewa, na vikiharibika havirudi. Nikamuuliza, ya kwangu inacho? Akaigeuza chupa, akasoma pande zote. Imeandikwa "ladha" basi. Akasema, "Hiyo ndiyo shida. Hujui, na yeye hajui."

Mwanamke mzima nimekutumia kitu kilichonitoa jikoni kwangu mwenyewe. Tangu juzi nakanda unga, mkono unasimama.

Funga hicho kibanda. Waambie watu. Na ile picha ya kifua nitumie, Nelly anataka aione. Yeye anasema mapafu safi baada ya miaka tisa ya vumbi hajawahi kuyaona, angependa kujifunza.

Hapa wote wazima. Wewe je? Nijibu kweli.

Dada yako,
Mama Paskazia


Mhunze, 20 Aprili 2025

Jilala,

Hujambo? Barua kimya, simu unaikata. Kondakta anasema kibanda kiko wazi na watu wamejaa. Leo ni Pasaka, Paskazia amekuwekea kipande cha keki. Haina arki. Siku hizi natia maganda ya limau.

Sijakasirika. Nataka tu kujua unapumuaje.

Dada


Kahama, 2 Juni 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo. Natumaini mko wazima wote. Mimi nakuandikia kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi ya wanaume. Mgonjwa si mimi. Ni Ignas.

Barua yako ya Machi niliipata, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro. Arki ya siagi nikaitafuta kwingine, nikaipata. Hilo nalo ulijue.

Wiki iliyopita Ignas alikuwa anapanda kutoka duarani. Katikati ya ngazi akashindwa. Hakuanguka, aliikumbatia ngazi akawa anatweta kama samaki, wakamfunga kamba wakamvuta. Daktari akamuuliza anavuta nini. Mtu mzima, na mpira wa hewa puani, akajibu, "Keki ya Harusi." Nesi alidhani anaweweseka.

Nikaitwa. Daktari anataka kujua ndani ya juisi mna nini. Nikampelekea chupa, akasoma "ladha", akaniangalia. Anasema huenda ni vumbi, huenda ni moshi wangu, huenda vyote viwili, na bila kujua alichovuta wanapapasa tu.

Nimefunga kibanda. Nimezunguka kwa wateja mmoja mmoja nikikusanya juisi, nikiwaambia wanaokohoa waende wakapimwe. Wengine wamenitukana. Wengine wamekataa kurudisha, wanasema nataka kuwapandishia bei. Wawili wamenicheka: "Wewe mbona mzima?" Nilikohoa mbele yao, wakadhani naigiza.

Kinachonifukuza kwenye hili benchi, nakaa, nasimama, nakaa tena, ni Ghati, mke wa Ignas. Hajanilaumu. Aliniambia polepole tu, anakunja shuka la mumewe: "Shemeji, alikuwa anasita, nilimsikia. Mimi ndiye nilimwambia avute, kwa sababu kifua chako kilipimwa."

Nimetoka nje nikaomba karatasi, nianze na wewe, halafu nirudi ndani nikamwambie na yeye.

Sikupimwa. Nilikuwa kwenye foleni. Aliyekuwa mbele yangu alitoka na karatasi akiwa analia, nikageuka nikapanda bodaboda nikaenda zangu. Hakuna daktari aliyewahi kukiona kifua changu.

Mdogo wako,
Jilala