Mama Anakuja Kisiwani

Ghorofa ya nne,
Juu ya karakana ya makochi.
Jumapili, 4 Mei.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mawingu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua je, kimepona, au bado unakohoa na kusingizia hewa ya bahari? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Keti kwanza. Umekaa? Mwezi wa saba tunakuja! Mimi na Mama, kwa miguu yetu, hadi mlangoni pa kituo chako cha hali ya hewa.

Najua utakachosema. Umeshaandika kwamba meli inaishia upande wa kusini wa kisiwa, kwamba hakuna gari, kwamba kuja kwako ni siku mbili za kupanda mawe na upepo unaong'oa kofia. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na yeye alifikaje, alirushwa?" Tangu hapo kila asubuhi anapanda ngazi za jengo letu na mfuko wa unga mgongoni. Majirani walidhani tumemfukuza. Daktari amempima moyo, akasema hana neno, ila apumzike akichoka.

Kituko ni mfuko wa kulalia. Mimi fundi makochi, ninunue kitu cha kushonwa? Nikakata kitambaa kizito, nikajaza sponji, na kwa mazoea nikakivuta kikabana kama kava ya kochi. Mama akaujaribu pale sebuleni. Kuingia aliingia, kutoka ndiyo ikawa kazi. Shemeji yako alimshika mabega, mimi nikavuta mfuko, na Mama mwenyewe anacheka hadi machozi. Mfuko wenyewe haukunjiki, umesimama kwenye kona tu. Nashona mwingine, safari hii kwa kiasi.

Viatu vipya vya safari anavivaa hata jikoni. Anasema kiatu kipya hukijui mpaka muishi pamoja.

Mimi nimebandika ramani karakanani. Wateja wakiulizia makochi yao, nawaonyesha kisiwa. Eti huko mwezi wa saba jua halizami, ni kweli? Sijawahi kuwa na hamu ya kitu hivi tangu utotoni.

Sasa, mdogo wangu, barua zangu mbili hujazijibu. Nahodha hashushi wageni gatini kama hawana mwenyeji wa kuwapokea. Usipokuja kutupokea, safari imekufa. Na nahisi unachohofia: kwamba Mama anakuja kukulilia urudi nyumbani. Ndiyo maana kila mwaka unasema mwakani, na mwakani haifiki. Tumekukumbuka mno, sikufichi.

Shemeji yako anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, ingawa anasema tumerukwa na akili.

Nilimuuliza Mama nikuandikie nini kwa niaba yake. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaziacha. Kisha akasema, "Mwambie siendi kumrudisha. Nataka tu kuona anapolala, ili nikimwombea nijue naombea wapi."

Mungu akulinde huko uliko, na akutulizie upepo siku utakayoshuka gatini.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi Makochi