Rangi Aliyoificha Chatu Wako

Papa wangu mpendwa,

Leo nakuandikia nikiwa nimetua mzigo. Lakini kwanza nikukumbushe ile Jumamosi ya kituo cha Porte de Namur, huku ughaibuni.

Tulimkuta Tonton Gaby, rafiki yako wa utotoni kule Lubumbashi, akitungoja kwenye ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, akiwa na mfuko wa kitambaa. Ndani alikuwamo chatu dume mdogo aliyekuuzia huku akimsifu, wale wa kufugwa, wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa. Ulimtia ndani ya koti, tukarudi naye mpaka nyumbani, Berchem. Njia nzima ulikaa umenyooka kama bwana harusi, na kila aliyekusukuma ukamwambia "pardon, pardon" kana kwamba kosa ni lako. Mimi nilikuwa sina mbavu kwa kucheka.

Mama hakucheka. Alimtazama yule nyoka, kahawia na madoa meusimeusi kama chatu yeyote wa dukani, akauliza maajabu yake yako wapi.

"Iko nabeba jaune mu damu," ukamjibu, ukimaanisha rangi ya njano. "Haionekane, lakini iko."

"Ah bon? Muntu anakuuzisha nyoka ya brun, anakuambia iko jaune, na weye unaitika tu! Karatasi iko wapi?"

"Tulikula bukari mu sahani moya na Gaby. Nitamuomba karatasi namna gani?"

Wafugaji wengine hawachukui chatu wa namna hiyo bila kuonyeshwa wazazi wake au karatasi ya ukoo wake. Lakini kwetu mliyekula naye ugali sahani moja ni ndugu, na kumdai ndugu ushahidi ni kumtukana, na wewe hukuwa mtu wa kumtukana ndugu.

Mimi ulinieleza huku unamenya viazi. Kila mtoto hupokea sehemu mbili za rangi, moja ya baba, moja ya mama, na njano haijitokezi mpaka zikutane mbili. Jike uliyekuwa naye tayari alikuwa mweupe na njano, macho mekundu, huyo hana ubishi. Ukimpandisha na dume wa Tonton, baadhi ya watoto watatoka njano kama kweli dume anaibeba. Wakitoka wote kahawia, basi tumechezewa. Uliwaweka pamoja majira ya baridi, kisha moyo wako ukasimama kabla jike hajataga.

Kwenye kilio chako Mama aliukataa mkono wa Tonton Gaby mbele ya watu wote wa kanisa. "Ulimudanganya bwana yangu," alimwambia. Tonton akarudi nyuma, wala hakukanyaga tena kwetu. Jike alipotaga, nikayatia mayai kwenye kisanduku cha joto kama ulivyonifundisha, usingizi ukanikimbia. Kilichonitesa ni kufikiri kwamba tulikuzika ukiwa umedanganywa na mtu uliyempenda kuliko ndugu zako wa damu.

Jana mayai yalianza kupasuka. Kichwa cha kwanza kilichungulia, kahawia. Cha pili, kahawia. Mama, ambaye kwa kuogopa nyoka huziba chini ya mlango wa chumba chao kwa kikwembe, kitenge chake cha zamani, aliuliza kutoka jikoni imekuwaje, "Alors?" Yai la tatu lilikaa sana limechanika tu, halitoi kitu. Kisha ikatokeza pua, Papa, njano kama ndizi iliyoiva, na nyuma yake macho mekundu yananitazama. Nilikaa sakafuni nikalia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kupumua vile tangu uondoke.

Mama akaja. Aliingia chumbani kwa nyoka, miguu mitupu! Aliinama juu ya kisanduku, mkono mdomoni.

"Donc alisema kweli," akasema polepole. Akachukua simu.

"Gaby, ni miye. Unisamehe. Ile jaune imetoka. Kesho kisha misa, kuya kula kwetu."

Nilimsikia Tonton akilia upande wa pili, na Mama anamwambia anyamaze, naye mwenyewe analia.

Lala sasa, Papa. Rafiki yako hakukudanganya.

Ni mimi, binti yako, mlinzi wa nyoka wako