Kila Kanzu na Kisiwa Chake

Luz, mdogo wangu,

Leo Alhamisi, kanzu za baba mwenye nyumba zinanisubiri tangu asubuhi, na mimi naranda tu humu ndani. Nimewasha pasi, nimezima, nimewasha tena. Nimetoka mpaka uani nikarudi, na nilichokifuata huko sikijui. Ungekuwepo ungenicheka: "Ate, kaa chini!" Ate, dada mkubwa kwa lugha ya kwenu. Uliniita hivyo tangu wiki yako ya kwanza ya kazi za ndani hapa Mabela, ugenini kwetu sote, na sikukukataza.

Ulitoka kwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, ukarudishwa kwenu ndani ya sanduku. Kitanda chako nimekitandika, hajaletwa mtu mwingine. Harufu ya samaki wako wakavu imekwisha, ile iliyokuwa ikinifanya nifungue madirisha yote huku nakutukana. Siku hizi nakaa nainusanusa, sipati kitu. Inaniuma, Luz. Inaniuma sana.

Unaukumbuka utaratibu wetu? Kila kanzu moja ikipigwa pasi, mahali pamoja pa Biliran, mkoa wenu ambao hata Wafilipino wenzako tuliokutana nao Ruwi siku za Ijumaa walikuwa wakiuliza, ndiyo wapi huko? Ulikuwa unanuna! Unanyoosha kola, unanipandisha kilima cha Sambawan, ngazi juu ya ngazi, mpaka tunaona chini visiwa vidogo na maji ya rangi mbili. Kanzu ya pili, maporomoko ya Tinago, msituni, maji baridi mpaka meno yanagongana. Hapo unanirushia maji ya pasi usoni. Kisha mashamba ya mpunga ya Iyusan, yamepangwa kama ngazi mlimani. Mwisho Higatangan, na lile fungu la mchanga mweupe linalohamahama, leo mkia wake huku, mwezi ujao kule. Zamu yangu ikifika, nakuingiza mapango ya Amboni, kwetu Tanga: giza, popo, vijia vya kupita kiubavu. Ulikuwa unapiga kelele mpaka Bi Zuwena, mama mwenye nyumba, anauliza kuna nini.

Nilipobaki peke yangu, safari zile nikawasimulia watoto wake. Sasa sikia balaa. Likizo hii familia nzima inakwenda kwenu. Walikuwa waende mji wa Cebu tu, wakae hotelini. Watoto wamegoma, wanataka Biliran. Bi Zuwena akaniita, na Kiunguja chake: "Weye ndo ulowatia wazimu hawa. Haya, chagua. Nnakuchukua na sisi, ama wende kwenu ukamuone mamako. Yote mawili hayawezekani."

Wallahi sijatulia toka siku hiyo. Moyo ulishafika Sambawan kabla yangu. Mama naye, kila simu ni swali lile lile: lini, mwanangu?

Nikampigia mdogo wako Grace, anielekeze tukifika tupite wapi. Akasema, "Ate, sijui. Sijawahi kufika huko. Wala Luz hakuwahi." Akaniambia ulikuwa ukiuza ndizi za kukaanga bandarini Naval, mjini kwenu, pale pale mashua za watalii zinapoondokea, ukiwasikiliza wanaporudi. Ulikuwa ukisema utakwenda likizo yako ikifika.

Luz! Nilikasirika, nikashinda nagombana na masufuria. Yale meno yaliyogongana yalikuwa ya nani, basi? Halafu, naosha sinia, ikanijia: Amboni nami sijaingia. Nimezaliwa jirani, nimewaona watalii wakishuka kwenye magari, na habari za popo nimezisikia kwa binamu yangu. Siku zote nilisema, mapango yako pale pale, yatanikimbia yaende wapi? Nikacheka, nikalia, sinia mkononi.

Nimemwambia Bi Zuwena nakwenda Tanga. "Khaa! Na Biliran yako yote hiyo?" Nikamwambia, wapelekeni watoto, ila nina ombi moja, mumchukue Grace. Amekubali. Grace atapanda ile mashua, mdogo wangu, na hatabeba sinia la ndizi. Salma, yule mkubwa wao, ameniahidi kwamba wakifika juu kabisa Sambawan atalitaja jina lako kwa sauti.

Basi pumzika, Luz. Mimi nitamchukua mama twende Amboni. Magoti yakimkatalia, atanisubiri mlangoni. Nitaingia mpaka kule kwenye giza. Nikirudi Mabela, Alhamisi ya kwanza nitawasha pasi na kukusimulia upya, kanzu baada ya kanzu, na safari hii nitakuwa nimeona kwa macho yangu. Popo wakiwa si kama nilivyokwambia, utaniwia radhi.

Ate wako,
Mwanaidi