Kigingi Kimehama, Mume Wangu Anasema Ni Mvua

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, maana ndani ya nyumba hii simwamini tena mtu, na sijui kama ni mimi nimekuwa na roho ya shaka au kweli nachezewa. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni mwashi, na nyumba yetu iko bondeni karibu na mto. Mwaka jana ilipita sheria kwamba njia yote ambayo mto hupitishia maji ukifurika iachwe wazi, waliojenga zamani wakae lakini wasiongeze hata chumba, wakaja wapimaji wa halmashauri wakachimbia vigingi vya zege vyenye rangi nyekundu kuonyesha mpaka, chetu kikasimama mbele ya mlango, yaani nyumba nzima imo ndani ya njia ya maji.

Basi shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, dereva wa hao hao wapimaji, ambaye miaka yote hakuwa akipita kwetu hata kwa salamu, akaanza kuja kila mara, wanakaa uani wananong'ona, nikitokea wanazungumzia mpira, mume wangu anarudi viatu vimejaa tope na simu kaigeuza kifudifudi, nikasema moyoni, hapa kuna mwanamke na shemeji ndiye kuwadi. Nikanusa mashati, nikamvizia hadi njia panda, sikuona mwanamke. Kumbe siku niliporudi kutoka msibani kwa shangazi nikakuta kigingi hakipo tena mbele ya mlango, kiko nyuma ya jiko, kule mtoni kabisa, kimesimama wima na udongo wake mbichi.

Nikamuuliza, "Baba watoto, nani kahamisha hiki?"

"Mvua imekisogeza."

"Mvua imekibeba, ikakizungusha nyumba, ikakichimbia shimo?"

"Wewe shona nguo zako."

Haukupita muda akaanza kupandisha vyumba vya kupangisha huko nyuma, ukuta mrefu wa tofali umekata bonde, na cha kwanza kimeshapata mtu, msusi mwenye kichanga mgongoni, akaniuliza mbele ya mume wangu, "Dada, maji hayafiki huku?" mume wangu akadakia, "Hata tone," akanikazia macho, nami nikainamia cherehani. Ng'ambo ya mto anakaa mwalimu mstaafu aliyevunja msingi wa chumba cha mama yake mgonjwa ili kuitii sheria hii, na sasa anautazama ukuta wetu kila asubuhi. Nikisema, ndoa inavunjika na shemeji anapoteza kazi. Nikinyamaza, maji yatamkuta msusi na kichanga chake. Na bado najiuliza, shemeji anafaidika na nini?

Fundi cherehani wa bondeni

MSHAURI ANAJIBU

Mama, laiti ungekuta mwanamke, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Pole sana. Lakini pua uliyoipeleka kwenye mashati ungeipeleka kwenye tofali mapema.

Barua yako haikuniacha nitulie, nikakupigia simu. Nikakuuliza, vyumba vile ni vya nani? Ukasema, "Cha pili shemeji kakitia kufuli lake." Umejijibu mwenyewe.

Nikakwambia kitu kimoja tu: mwambie msusi ukweli leo, kabla hajatundika pazia. Jana umenipigia unalia. Umemwambia kwamba maji hufika, tena yalishawahi kufika hadi dirishani. Hakukushukuru. Amekuita mwongo na mwenye wivu, akabeba mtoto na godoro, akaenda kwa dada yake. Na mumeo tangu hapo hasemi nawe. Meza matusi hayo, mama. Kichanga kimelala pakavu.

Ila kazi haijaisha, na hapa nitakukemea. Unaihurumia ajira ya shemeji, je, mama wa mwalimu asiyeweza kuinuka kitandani? Mto ukifurika lazima upate pa kupita. Ukuta wenu ukiziba upande huu, maji yatageukia kwake. Sheria ile haikuwekwa ili kuwakomoa, imewekwa ili jirani asizame kwa sababu yenu.

Kwa hiyo kigingi usikiguse, usije ukaambiwa wewe ndiye uliyekihamisha. Mwite wifi yako mkubwa, ambaye umeniambia mumeo humwogopa, mkae watatu, shemeji asiwepo. Mpe mumeo nafasi ya kwenda halmashauri kwa miguu yake na kubomoa ukuta kwa mikono yake. Anayejipeleka husikilizwa zaidi kuliko anayekamatwa. Akianza tena habari za mvua, ondoka hapo hapo, mchukue mwalimu, mwende kwa mhandisi wa halmashauri mwenyewe, si kwa wapimaji anaowaendesha shemeji, mkaombe mpaka upimwe upya. Na watoto wahamie kwa wifi leo. Mawingu yameshaanza kukaa milimani, na mumeo anaweza kununa hata nyumba ikiwa haina watoto.