Kitambaa cha Kufuma Juu ya Kompyuta

Binti yangu Tausi,

Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu kuandika barua ya kirafiki. Anza na salamu, sema wewe ni mzima, uliza hali ya mwenzako, ndipo uingie kwenye lengo. Leo mwalimu mwenyewe naziruka hatua zote, na nikipewa sifuri nipewe. Lengo langu ni hili: niliyokusingizia juu ya kompyuta ya marehemu baba yako hayakuwa kweli. Si wewe uliyeiunguza. Ni mimi.

Barua hii ni ya wazi, watu watakuwa wameisikia kabla yako. Kwa nini nimefanya hivyo utaona mbele.

Unakumbuka siku baba yako alipoileta? Alikuwa ametoka kustaafu reli, akasema haiwezekani mke wake aendelee kupeleka mitihani ya majaribio iliyoandikwa kwa mkono kule steshenari, wakamkosee kila jina. Ikawekwa sebuleni pembeni ya kabati la vyombo. Wewe ukapewa kazi ya kuisimamia, maana sisi wawili hata kuizima tulikuwa tunaogopa. Baba yako alikuwa anaiaga kabisa: "Haya mama, lala salama."

Mpaka leo nacheka peke yangu nikikumbuka siku skrini ilipogeuka miguu juu. Nilikuwa napangusa vumbi kwenye kibodi bila kuizima, nikainua macho, maandishi yote kichwa chini. Na mtihani wa darasa la sita unatakiwa kesho yake. Nifanyeje? Nikaigeuza skrini yenyewe, kitako juu, nikaiegemeza ukutani kwa kamusi na tofali, nikaendelea kuchapa. Uliporudi ukaniona na shingo yangu imepinda. Ulibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, halafu ukasema taratibu, "Mama, sasa unaweza kuishusha." Baba yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilinuna hadi magharibi, na ugali siku ile mlipika wenyewe.

Ulikuwa na utaratibu wako ambao mimi niliuona wa kizembe. Mimi kitu kikiharibika nataka fundi aje na begi. Wewe ulianza kwa kuangalia tu. Skrini ilipokuwa ya njano kama mgonjwa wa ini, mimi nilishatangaza msiba. Wewe ukachomoa waya wake nyuma, ukautazama kwenye mwanga, ukanyoosha kijino kimoja kilichopinda, ukauchomeka na kukaza skrubu zake mbili. Rangi zikarudi. Ilipokuwa nyeusi tii, ukagundua ni mimi niliyeshusha mwanga wake nilipokuwa nafuta vile vitufe vya chini. Ilipogoma kuonyesha chochote na inapiga mlio tu, ulichomoa kile kibao chembamba cha kumbukumbu, ukakisugua meno yake kwa ufutio wangu wa penseli, ukakirudisha, ikawaka. Ulikuwa unasema, "Kwanza waya, halafu umeme, halafu vumbi, halafu ndiyo tuanze kulia." Nikakujibu kwamba maneno mengi hayatengenezi kitu. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Sasa tuje kwenye kitambaa.

Kile cheupe chenye maua ya njano pembeni nilikifuma wodini, baba yako alipolazwa. Yeye amelala, mimi nafuma, na akizinduka anauliza nimefika ua la ngapi. Nilikimaliza yungali hai, akasema kifunike kompyuta yake isishike vumbi. Baada ya mazishi sikuwa na haja na kitu kingine chochote sebuleni pale. Picha zake zote zilikuwa humo ndani. Kila jioni nawasha, namwangalia, nazima, nafunika. Baadaye nikaacha hata kufunua, kikabaki juu ya kasha la mashine, nikawa nainua ncha ya mbele tu nibonyeze.

Ilipoanza kujizimia ovyo kila baada ya nusu saa, uliniambia siku ya kwanza kabisa: "Mama, inakosa hewa. Kitoe hicho kitambaa." Nikakuuliza, kitambaa kimejaa matundu, hewa gani hiyo inayokosa? Ukakitoa, nikakirudisha. Ukakikunja ukakiweka kabatini, nikakifua, nikakipiga wanga, nikakitandaza vizuri zaidi, mpaka nyuma. Nilijiambia mtoto huyu hana uchungu na baba yake. Tausi, nilikufikiria hivyo, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Ile siku ya kuamkia arobaini ndugu wote walikuwa wamefika. Shangazi yako Mwajuma alishakuja na mchele wake kutoka Tindiga, mama zako wadogo wanachambua uani, majirani wamejaa mkekani. Mimi nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni maharage. Nilipoingia sebuleni nikakukuta umepiga magoti, bisibisi mkononi, ubavu wa kompyuta uko wazi, moshi unafuka kidogo. Sikuuliza. Mwalimu ninayewafundisha watoto wa watu wasome swali mara mbili kabla ya kujibu, sikuuliza hata moja. Nilipiga kelele uani kote wakasikia: "Umemuua baba yako mara ya pili!"

Ulisimama. Ukasema, "Mama, picha hazijafa. Ziko kwenye diski, haijaungua. Nipe wiki moja tu nizitoe." Nikakwambia mkono wako usiguse tena kitu cha nyumba hii. Hakuna aliyekutetea. Kompyuta nikaifungia stoo, wewe ukakaa hadi tulipomaliza arobaini kwa sababu ya adabu tu, ukafunga begi ukaenda Mikumi. Sasa ni mwaka wa tatu. Nasikia una chumba chako cha ufundi karibu na barabara kuu, unatengeneza mashine za nyumba za wageni na za shule mpaka Ruhembe huko. Nasikia kwa watu. Wewe mwenyewe hujaniambia, na sijakuuliza.

Mwaka jana nikapata kompyuta nyingine, iliyotumika lakini nzima. Naam, umeshakisia. Nikaitandazia kitambaa kile kile.

Haikupita mwezi ikaanza: dakika ishirini, giza. Nikaibeba hadi kwa fundi Makoye, kijana wa pale karibu na soko. Akaiwasha asubuhi, ikafanya kazi kutwa nzima bila hata kukohoa. Nikairudisha nyumbani, dakika ishirini, giza. Nikaipeleka tena. Kwake nzima, kwangu mgonjwa. Nikabadilisha soketi. Nikanunua kifaa cha kutuliza umeme. Nikafika mahali pa kumtazama jirani kwa jicho la pembeni, kwa sababu ilizima mara mbili akiwa amekuja kuomba chumvi. Mungu anisamehe, mama wa watu hana hili wala lile.

Mara ya tatu Makoye akasema, "Mwalimu, mashine haina ugonjwa. Acha nije nyumbani." Akaja, akakaa kwenye kochi, akakataa hata kuishika. "Fanya kama unavyofanya kila siku, Mwalimu. Mimi sipo." Nikawasha. Nikatandaza kitambaa changu, nikakinyoosha, ncha ya nyuma ikashuka hadi mezani. Nikaanza kuchapa. Ikazima.

Akainuka, akapitisha kiganja nyuma, akakitoa haraka. "Weka mkono hapa, Mwalimu." Palikuwa pa moto kama pasi.

"Hapa ndipo inapopumulia," akasema. "Feni inasukuma joto litoke, wewe umeliziba."

"Kina matundu," nikasema. Bado nabisha, unaona.

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Matundu yote yalikuwa yamezibwa na wanga na vumbi, kimekuwa kigumu kama kadibodi. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Hukuwahi kuambiwa na mtu?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mwanangu," nikamjibu.

Nikamfungulia stoo. Akaitoa ile ya baba yako, imefunikwa na gunia tupu, akaifungua. Kile kiboksi kinachopokea umeme ndicho kilichoungua, peke yake. Akaniambia huyo aliyeifungua siku ile aliwahi kuchomoa waya, vinginevyo hata vingine vingeungua, na pengine hata sebule. Diski haikuwa na alama. Akaiunganisha kwenye ile kompyuta yangu ya pili, bila kitambaa, na picha zikafunguka moja moja. Baba yako yule pale, na kofia yake ya reli, anatafuna muwa mlioutoa Ruhembe, maji yanamtiririka kidevuni. Nililia, Tausi. Makoye akadhani namlilia marehemu, akatoka nje kunipisha. Nilikuwa nakulilia wewe. Uliokoa vyote, na mimi nikakuita muuaji mbele za watu.

Watu husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Basi mimi nimerudia, kwa kitambaa kile kile. Sina pa kujificha.

Nilimpigia shangazi yako Mwajuma nikamweleza. Nilitaka anishauri jinsi ya kukupigia simu, tuyamalize kimya kimya. Akanikatalia. "Wifi, ulimtia aibu mbele yetu. Msafishe mbele yetu." Nikamwona ananionea, usiku mzima nikamkasirikia. Asubuhi nikaona ana haki. Jumapili nikawaita wale wale: yeye, mama zako wadogo, majirani wa ule mkeka. Nikapika, wakala, nikasimama nikawasomea barua hii mpaka pale nilipoandika kwamba sina pa kujificha.

Nilipomaliza, shangazi yako akasema maneno mawili matatu kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, halafu akageukia wenzake akasema, "Na sisi tulimsikia mtoto akijitetea, tukaendelea kuchambua mchele. Tuandike na sisi." Basi nawaandika hapa, kwa ruhusa yao. Wote wanakuomba radhi. Mmoja wa mama zako wadogo aliongeza kwamba ile siku aliona machozi yako, akaogopa kukufuata kwa sababu ya ukali wangu.

Makoye alitaka kuzihamisha zile picha. Nimemkataza. Kazi hiyo uliiomba wewe, nikakunyima. Diski naileta kwako, ukiitaka. Usipoitaka pia nitaelewa, nitarudi nayo.

Kila Ijumaa unanipigia. "Shikamoo mama." "Marahaba." "Hujambo?" "Sijambo." Halafu kimya, halafu "Haya mama," na simu imekatwa. Hujaruka Ijumaa hata moja kwa miaka yote hii. Ningefurahi kama siku moja ungenifokea. Adabu yako ndiyo inayoniuma, maana najua imebeba nini. Nakukosa, mwanangu. Nyumba imekuwa kubwa mno, na mimi na ukali wangu hatutoshi kuijaza.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi linalopitia kijiji cha Ulaya. Usije kunipokea stendi, na usiwaagize watu. Nitauliza njia kwa mdomo wangu mpaka mlangoni kwako, na nitabisha hodi kama mgeni. Ukifungua, najua utataka kuniamkia kabla ya lolote, nimekulea hivyo. Safari hii usiniamkie. Subiri kwanza nikuombe msamaha nikiwa nimesimama hapo nje. Baada ya hapo, kama moyo wako utakuruhusu, sema shikamoo, na mimi nitajua kwamba naweza kuingia.

Ni mimi,
mama yako.