Mapacha Wasioshonewa na Fundi Mmoja

Baba yangu uliyelala Kitahana,

Vumilia mwandiko wangu. Baba, hukuiba. Sasa naweza kuthibitisha hilo.

Unakumbuka ng'ombe uliyepewa na Mzee Kagoma umtunze, kwa ahadi ya kumrudishia ndama? Akazaa mapacha, mimi mwenyewe niliwapangusa kwa majani ya mgomba. Ulipowapeleka wote wawili achague wake, akawalinganisha mabaka, akacheka mbele za watu: "Mapacha gani hawa wasioshonewa na fundi mmoja? Umenibadilishia ndama, wewe!" Tangu hapo, wenzako wakizunguka mtungi wa pombe, hukupewa mrija wa kunywea nao. Ukanywea kibuyu chako pembeni mpaka ukafa. Nikilalamika, ulisema, "Acha, binti. Ng'ombe hasemi."

Amesema, Baba!

Juzi, kwenye semina ya mifugo hapa Kasulu, mwalimu alieleza jinsi chembe hai za ngozi zinavyopanga mabaka. Hakuna fundi. Kila moja husikiliza majirani: wa karibu wanaivuta ifanane nao, wa mbali kidogo wanaizuia. Wengine walisinzia. Mimi, muuza maharage niliyeishia darasa la nne, nilirudi nikafunga duka, nikachora vyumba kumi na viwili kwa kumi na viwili sakafuni, nikamwaga punje za maharage nyeusi na nyeupe ovyo. Kila chumba nikakipigia hesabu: nyeusi za karibu najumlisha, za mbali kidogo natoa. Ikizidi sifuri naweka nyeusi, ikipungua nyeupe. Nikarudia, nikarudia, mabaka yakatokea. Mabaka ya ng'ombe, dukani kwangu! Nikamwaga upya, kanuni ileile: mabaka mengine kabisa.

Jana nilibeba punje hadi kwa Kagoma.

"Umekuja tucheze bao, binti?"

"Mwaga mwenyewe, Mzee."

Akamwaga, nikapiga hesabu mbele yake. Akamwaga tena. Akainama, akatazama.

"Na kanuni hukubadilisha?"

"Hata kidogo."

"Basi hata wa tumbo moja wanaweza kutofautiana mabaka." Akachomoa mrija wake darini, akanipa nije niuchomeke kaburini kwako.

Nikamrudishia. "Ulimnyima mbele za watu, Mzee. Kampe mbele za watu."

Anakuja kwako Jumapili, mbele za watu. Sijafurahi, Baba, nimeduwaa. Miaka yote ile, na gunia la maharage lilikuwapo nyumbani. Akifika, usifanye haraka kumsogezea nafasi.

Bintiyo, mrithi wa kibuyu chako.