Aliyemtunza Baba

Jumapili, 8 Juni

Insha za Kidato cha Pili. Thelathini na moja tayari, kumi na tatu bado. "Siku niliyofurahi sana." Karibu wote wamefurahi siku ya Krismasi. Chai imepoa mezani.

Saa tano simu ya Nyakundi, ndugu yangu mdogo. Huwa hapigi Jumapili. Nilijua kabla sijapokea. Baba amefariki asubuhi, akinyweshwa uji. Kerubo, mke wa Nyakundi, ndiye aliyekuwa ameshika kikombe.

Sikulia. Nilimaliza insha iliyokuwa mkononi, nikaipa alama. Kumi na tano kwa ishirini. Ndipo nilipojiona.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika Nyansiongo adhuhuri kutoka Nakuru. Hema limeshapigwa. Akina mama wa kanisa wanachambua mboga. Kila mtu ananipa pole ya mtoto mkubwa. Kerubo alikuwa jikoni, macho yamevimba. Tulisalimiana kwa mkono. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Jioni kikao. Baba mdogo Yobesh ndiye mwenyekiti. Mazishi Jumanne ijayo, hapa nyumbani. Wasifu wa marehemu niandike mimi na nisome mimi, kwa Kiswahili, kwa sababu watakuja watu wa benki kutoka kila mahali, na majirani zetu Wakipsigis.

"Wewe ndiye mwalimu, Moraa. Na wewe ndiye kifungua mimba."

Nikakubali.

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda kwenye tawi la benki alilosimamia Baba mpaka akastaafu. Meneja wa sasa ni kijana, hakumjua. Askari wa mlangoni ndiye aliyemjua. Akaniitia mama mmoja mzee kutoka kwenye foleni, mkulima wa chai.

Huyo mama zamani alikuwa akiweka sahihi kwa dole gumba. Akitoka pale alikuwa anakificha kidole chenye wino ndani ya leso. Baba aliona. Hakusema kitu mbele ya watu. Alimwita ofisini kana kwamba faili lake lina shida, akafunga mlango, akampa kalamu. Ijumaa nne mfululizo. Waheshimiwa wakangoja nje.

"Hakuna mtu alijua mimi sijui kuandika," akaniambia. "Hata mzee wangu wa nyumbani."

Akachukua daftari langu akaandika jina lake, polepole, herufi zote.

Mengine nayajua mwenyewe. Saa saba kila siku Baba alifunga droo, akatembea kuja kula na Mama. Hakuwahi kula hotelini. Na Mama alipougua, mwaka ule wa mwisho, alimwogesha yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Shati limekunjwa mikono, tai ameitupa begani isilowe. Tulikuwa tukisikia maji yakimwagika na Mama akicheka.

Kurasa mbili zimejaa. Imetoka vizuri. Nilijisikia hodari, na hilo linanichukiza.

Alhamisi, 12 Juni

Baba mdogo amesoma rasimu mbele ya kikao. Ameisifu. Kisha akaongeza sentensi moja kwa kalamu yake: "Katika miaka miwili ya ugonjwa wake, marehemu alitunzwa na binti yake Moraa hadi dakika ya mwisho."

Nyakundi akainamisha kichwa. Mimi nikafungua mdomo.

"Mnataka tuseme nini?" Baba mdogo akauliza. "Watu watauliza nani alikuwa anamtunza. Tuseme mkamwana? Mke wa mtoto amwone mkwewe hivyo? Hiyo ni aibu ya boma lote."

Kila mtu pale anajua. Nyakundi huondoka alfajiri na lori la maziwa, hurudi jioni. Mchana kutwa ni Kerubo. Kwetu mkamwana hata hakai kiti kimoja na mkwewe. Kerubo alimgeuza, alimpangusa, alimbadilisha. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemkataza.

Mimi kwa miaka miwili nimekuja mara nne.

Nikafunga mdomo. Kerubo alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alisikia yote. Akamimina chai, akaanza na mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Siwezi kulala bila kuliandika hili. Sijaliandika popote.

Mwezi wa Machi nilikuja bila kupiga simu. Nyakundi yuko kazini, Kerubo shambani anachuma chai. Baba kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa tangu apigwe na kiharusi. Alikuwa amejichafua. Harufu ilinipokea mlangoni. Akaniona. Akaita jina langu, mara moja tu, halafu akageukia ukuta.

Nilitoka nje. Nikaingia kwenye gari, nikapandisha vioo. Nilijiambia ni mwiko, binti haoni uchi wa baba yake. Uongo. Ilikuwa kinyaa. Baba yangu alinitia kinyaa. Nilikaa humo dakika arobaini nikisoma jumbe za simu.

Kerubo alipotokea na kikapu mgongoni, nilishuka na mkoba wangu. Nikamwambia nimefika sasa hivi. Tukaingia pamoja. Baba alikuwa bado vilevile. Alinitazama, akamtazama Kerubo.

"Amefika sasa hivi," akasema.

Sijawahi kumsikia Baba akisema uongo. Mara hiyo moja tu.

Jumamosi, 14 Juni

Sabato. Hakuna kazi. Kanisani nilikaa mstari wa mbele. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 16 Juni

Tumemchukua Baba mochari, Kisii. Nilikuwa nimemnunulia shati jipya, kola ngumu. Kerubo akalishika, akasema kwa sauti ndogo kwamba Tata hakupenda kubanwa shingoni tangu augue. Tata, kama tunavyomwita baba. Akatoa kwenye mfuko shati lake la zamani, limepigwa pasi. Mhudumu wa mochari akaniuliza mimi lipi. Nikasema hilo la zamani. Sikujua hata saizi ya shingo yake.

Karatasi za ratiba, wasifu ukiwa ndani, zimeshatoka kwa mchapishaji. Jina langu limekolezwa wino.

Jumanne, 17 Juni

Nimesoma.

Nilipanga kuruka ile sentensi. Naapa nilipanga. Lakini watu walikuwa na karatasi mikononi, wananifuata mstari kwa mstari. Nilipofika pale nikasita. Wakadhani ni kilio. Mama mmoja akasema, "Jikaze, mama." Nikajikaza. Nikasoma: alitunzwa na binti yake Moraa.

Wakapiga makofi. Mazishini, makofi. Mchungaji akanishika mkono, akawaambia vijana waige mfano wangu.

Kerubo hakuwa hemani. Alikuwa kwenye moshi pamoja na wake wengine wa boma, anasonga ugali wa wageni. Spika ilikuwa imeelekezwa hukohuko.

Alhamisi, 19 Juni

Wageni wameisha. Nilimkuta Kerubo akisugua masufuria kwa majivu. Nikachutama nikachukua moja. Nikamwambia habari ya Machi. Yote, gari, vioo, dakika arobaini.

Hakuacha kusugua.

"Nilijua," akasema. "Blanketi ilikuwa imeanza kukauka. Na injini yako ilikuwa baridi, nilipita nikiweka mkono."

"Mbona hukusema?"

"Tata alinikataza. Ulipoenda aliniambia, usimuulize Moraa. Mtoto anaogopa."

Nina miaka arobaini na tisa.

Nikamwambia nitakwenda kwa Baba mdogo, nitasimama kanisani Sabato hii niseme ukweli. Hapo ndipo alipoacha sufuria.

"Useme nini? Kwamba mimi nilimwona Tata? Wewe utaenda Nakuru. Mimi nitabaki hapa na midomo yao. Dada, mimi sikutaka nitajwe. Nilitaka tu wewe usitajwe."

Nikaendelea kusugua sufuria yangu.

Alipotaka kuinuka alishindwa. Alijishika kiuno, jasho likamtoka usoni. Ameficha maumivu haya tangu mwaka jana, Nyakundi anasema.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeomba shule ruhusa ya wiki nyingine. Asubuhi nimempeleka Kerubo hospitali, Kisii. Foleni mpaka nje. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Alisinzia, kichwa kikaniangukia begani. Sikusogea.

Muuguzi alikuwa Mgusii kama sisi, mama mtu mzima. Akauliza maumivu yalianzaje.

"Kuinua," akasema Kerubo.

"Kuinua nini? Magunia?"

Kerubo akanitazama. Nikamsubiri. Hakunikataza.

"Baba yangu," nikasema. "Alikuwa mgonjwa kitandani. Huyu ndiye aliyekuwa anamwinua. Miaka miwili. Mimi sikuwepo."

Muuguzi akanyanyua macho. Akamwangalia Kerubo, kisha mimi, kisha fomu.

"Andika tu mgongo," Kerubo akamwambia.

Akaandika. Tukarudi kwenye benchi kungoja picha ya eksirei. Mvua ilikuwa imeanza. Nilimpa sweta langu, akalivaa.